Je, wajua kwa nini kanisa la Goma huvaa jiwe chini na mbao juu?

Pita Katoyi au Ndosho, au mtaa wowote wa Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, wenye kanisa dogo, utaona jambo lile lile. Ukuta unaanza na jiwe jeusi hadi kimo cha goti, pengine kiuno, kisha jiwe linakoma na mbao zinaanza, zimesimamishwa wima mpaka kwenye mabati. Mtu wa Bukavu, aliyezoea kanisa la matofali ya kuchoma, hudhani pesa ziliishia katikati. Mara nyingine ni kweli ziliishia. Lakini sababu ya kwanza haiko mfukoni, iko chini ya miguu.

Goma imekaa juu ya lava. Nyiragongo, mlima wa volkano wenye kimo cha mita 3,470, umemwaga moto mwaka 1977, 2002 na 2021. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilikata mji mpaka ikaingia Ziwa Kivu, ikala maduka ya katikati ya mji pamoja na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Ilipopoa ikawa mwamba, na watu wakarudi kujenga juu yake. Sasa jaribu kuchimba msingi hapo. Sururu inagonga, cheche zinaruka, bega linauma, na shimo halijafika hata shubiri. Kwa hiyo fundi hahangaiki kuchimba: anasawazisha kwa nyundo, anapanga mawe juu ya mwamba wenyewe na kuyafunga kwa saruji. Udongo wa kufyatulia matofali uko mbali, ila mawe yapo mlangoni. Tena ni jiwe linaloshika vizuri: lina vitundu vingi vilivyoachwa na gesi wakati lava ikipoa, saruji inaingia humo na haitoki. Fundi mwenye madaha huacha saruji iliyo kati ya mawe itokeze, kisha huipaka rangi, na ukuta unaonekana kama mgongo wa kobe.

Basi kwa nini jiwe lisiendelee mpaka juu? Kazi yake hasa ni kuzuia maji. Mvua ya Goma ikipiga chini inaruka, na ubao unaolowa kila siku huoza kuanzia kwenye ncha. Ukishapita kimo cha matone, jiwe linakuwa gharama tu: saruji zaidi, nondo, siku za fundi. Halafu kuna matetemeko. Baada ya mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021 ardhi ilitikisika siku kadhaa mfululizo, kuta zikapasuka, na tarehe 27 wakaaji wa mitaa mingi wakaamriwa kuhama. Ukuta mrefu wa jiwe usio na nondo ukitikiswa hupasuka. Mbao zilizopigwa misumari hulia, huyumba, kisha hurudi mahali pake. Na zikibidi kuondoka, seremala na vijana wa kwaya wanazing'oa, zinapandishwa juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, kanisa linahamia kiwanja kingine.

Ukikaribia ukuta utaona kila kiungo kimefunikwa kwa ufito mwembamba. Mbao nyingi huletwa kutoka Masisi na kununuliwa zikiwa mbichi. Zikikauka zinasinyaa na kuacha upenyo. Bila ufito, upepo wa ziwa ungehubiri pamoja na mchungaji. Wengine hupaka mbao oili chafu ya injini ili mchwa wasikaribie, na miezi ya mwanzo ibada inanuka gereji.

Ndani, kitu kizito ni kimoja tu. Kwa Wakatoliki ni altare. Utaratibu wa Misa unapendelea meza ya altare isiyohamishwa iwe ya jiwe, na hapo Goma haina haja ya kuagiza jiwe kutoka mbali. Tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofungwa mwaka 1965, altare hutengwa na ukuta ili padri aizunguke na kuwatazama watu. Kwa CBCA, Wabaptisti wenye makao makuu papa hapa mjini, mimbari ndiyo inayoshika katikati, kwa kuwa neno ndilo lililowaleta watu. Na ubatizo, ukiwa wa kuzamishwa, unaweza kufanyika ziwani.

Vingine vyote huhama. Mabenchi hayana mgongo wala hayakufungwa sakafuni (na karibu kila moja lina msumari mmoja unaojua kuvizia kitenge kipya). Yanasogezwa ukutani watu wanapocheza kupeleka sadaka. Katika misa ya Kizaire, yaani utaratibu wa Misa wa Wakatoliki wa Kongo (zamani Zaire) uliokubaliwa na Roma mwaka 1988, mwili nao unasali, kwa hiyo njia ya katikati lazima iwe pana. Mabenchi hayo hayo yanaunganishwa mawili mawili yakawa kitanda pale wakimbizi wa vita wanapofika usiku. Ningekuwa na pesa za kupamba kanisa ningeanza na mabenchi hayo, kabla ya vipaza sauti.

Bati ndilo sehemu dhaifu. Mvua ikishuka kwa nguvu mahubiri yanasimama, maana hakuna dari la tripleksi (mbao nyembamba za tabaka) linalozima kelele ile yote. Ubaya zaidi ni moshi wa volkano: gesi zake zikikutana na mvua, maji yanakuwa na asidi na kutafuna bati mapema kuliko mahali pengine. Maji hayo hayo ndiyo yanayokingwa kwenye pipa nyuma ya kanisa, kwa sababu lava hunyonya mvua na mito midogo haipo mjini. Huwa yana madini ya floridi pia, inayochafua meno ya watoto yakinywewa miaka mingi.

Bati likitoboka linabadilishwa, lakini halitupwi. Linanyooshwa kwa nyundo, linashushwa chini, linakuwa ua wa parokia.