Tarantula Aliyehamia Makazi Mapya: Mwandalie Udongo, Kisha Mwache

Sisi tunaotunza buibui wakubwa katika maonyesho ya elimu huulizwa swali moja mara nyingi na wafugaji wapya: nimemhamishia tarantula wangu kwenye boksi jipya, sasa amejibanza konani, hali wala hatembei, je, anaumwa? Karibu kila mara jibu ni hapana. Yuko ugenini na bado anapapima mahali alipofikia. Kazi hiyo humchukua siku kadhaa, na wengine huhitaji wiki tatu au nne. Kinachomdhuru ni yale anayofanyiwa siku hizo kwa huruma: kuguswaguswa ili aamke, kunyunyiziwa maji, kurushiwa nyenje kila jioni, na mwisho kuhamishwa tena kwa sababu "hakupapenda".

Tarantula ana macho manane lakini haoni vizuri. Ulimwengu anaujua kwa miguu. Vinyweleo vilivyoko miguuni hunasa mtikisiko wa ardhi na mwendo wa hewa, na nyuzi alizozitandaza mwenyewe humpa habari za nani anapita na wapi. Ukimtoa alikokuwa, umemwondolea nyuzi zote hizo kwa mara moja. Ndiyo maana akifika mahali papya hujikunyata, magoti yakiwa juu kuzunguka uso, au huzunguka kuta usiku kucha akitafuta mpaka wa eneo lake. Hali zote mbili ni za kawaida. Boksi likiwa juu ya spika, juu ya jokofu au karibu na mlango unaobamizwa, atachelewa sana kutulia, kwa sababu kila mtikisiko kwake ni taarifa ya hatari.

Kutulia kwake huamuliwa zaidi na maandalizi yaliyofanywa kabla hajaingia. Hapa nimchukue mfano buibui wa Afrika Mashariki ambaye wanasayansi humwita Pelinobius muticus, mwenye rangi ya kutu, anayepatikana Kenya na Tanzania. Jike aliyekomaa, miguu ikinyooka, anaweza kukaribia sentimita 20. Miguu yake ya nyuma ni minene na imepinda kidogo, nayo ndiyo inayomsaidia kuchimba. Akiudhiwa husimama kwa miguu ya nyuma, huonyesha meno na kutoa sauti ya mkwaruzo. Sehemu kubwa ya maisha yake huipitisha ndani ya shimo. Sasa mfikirie buibui huyu amewekwa kwenye tangi la kioo lenye udongo wa sentimita tano, gogo la mapambo na taa juu. Hana pa kwenda. Atakaa wazi, atakuwa mkali, atakataa chakula, na mfugaji atalalamika kwamba amenunua mnyama mkorofi.

Buibui mchimbaji wa ukubwa huo mpe udongo wa kina cha sentimita 20 hadi 30. Unga wa makumbi ya nazi uliochanganywa na udongo wa juu usio na mbolea wala dawa ya wadudu unafaa. Makumbi peke yake ni mepesi mno na shimo humwangukia. Weka tabaka moja, ulishindilie kwa kiganja, kisha weka jingine. Udongo uwe na unyevu wa kutosha kushikamana ukiufinya, bila maji kuchuruzika. Kisha toboa kwa mpini wa mwiko shimo la kuanzia, liende kwa mshazari kando ya ukuta wa boksi, pana kiasi cha mwili wake kupita. Anayeingia makazi yenye mlango tayari hutulia mapema kuliko anayelazimika kuanza kuchimba akiwa na hofu. Baadaye tabaka la juu likauke, la chini libaki na unyevu. Mimina maji kidogo pembeni kwa mrija yafike chini, badala ya kunyunyizia uso mzima. Tarantula wengi hawapendi kukanyaga udongo uliolowa, na anayening'inia ukutani usiku na mchana mara nyingi anaukimbia unyevu huo.

Si wote wachimbaji, bila shaka. Wanaoishi mitini wanataka boksi la kusimama na gome la kupanda, na wanaokaa juu ya ardhi, kama yule wa Mexiko mwenye magoti mekundu, Brachypelma hamorii, wanatosheka na udongo wa wastani na kipande cha gome kilichozikwa nusu. Kwa wachimbaji na wa ardhini, nafasi kati ya uso wa udongo na kifuniko isizidi sana urefu wa miguu ya buibui. Tumbo la tarantula ni laini, na kuanguka kutoka juu kunaweza kulipasua. Kifuniko cha wavu wa chuma pia ni hatari, maana kucha hunasa humo na mguu ukakatika. Matundu madogo ya hewa ubavuni yanatosha.

Siku ya kumhamisha, fanyia kazi hiyo sakafuni, ndani ya beseni pana. Mfunike kwa kikombe cha plastiki angavu, pitisha karatasi ngumu chini yake, kisha mfungulie mdomoni mwa lile shimo ulilomtobolea. Mguse nyuma taratibu kwa brashi laini ikibidi. Usimpulizie pumzi, na usimshike kwa mkono hata kama umeona watu wakifanya hivyo kwenye video. Tarantula wa Afrika na Asia hawana vinyweleo vya kuwasha vya kumrushia adui kama wengi wa Amerika, kwa hiyo hujitetea kwa kung'ata, nao huwa wepesi ajabu. Akishaingia, weka bakuli la maji safi bila sponji, funga kifuniko, funika ubavu mmoja kwa karatasi nyeusi, uondoke.

Wiki ya kwanza asipewe chakula. Ukiona ameanza kusukuma vifusi vya udongo nje au kutandaza nyuzi mlangoni, mjaribu kwa mdudu mmoja mdogo jioni. Asipomla, mtoe mdudu huyo kufikia kesho yake. Hili ninalisisitiza kwa sababu nyenje aliyeachwa ndani humtafuna tarantula anayejivua ngozi, wakati ambao mwili wake ni laini na hawezi kujitetea. Akiziba mlango wa shimo kwa udongo au nyuzi, usimchimbue. Aliyeshiba anaweza kukaa miezi bila kula mradi maji yapo. Ukimkuta chali, miguu juu, huenda anajivua ngozi, basi usimguse kabisa. Baada ya hapo subiri meno yatoke rangi nyeupe, yapite wekundu, hadi yawe meusi kabisa ndipo alishwe. Kwa mkubwa hiyo ni wiki mbili au zaidi.

Kuhusu joto, anayefuga Dar es Salaam au Mombasa hahitaji kifaa chochote, bali aepushe tangi na jua la dirishani, maana kioo hupandisha joto haraka na kumuua. Walioko Ulaya au Amerika Kaskazini wakati wa baridi wapashe chumba chenyewe. Taa na mikeka ya moto hukausha udongo, na mchimbaji anayekimbilia chini kutafuta ubaridi hukutana na mkeka huko huko.

Ombi langu kwa walioko hapa Afrika Mashariki ambako buibui hawa wachimbaji ni wenyeji: msiwachimbue porini. Jike huishi miaka mingi, hukua polepole, na anaweza kubaki katika shimo lile lile kwa muda mrefu. Anayetolewa humo akiwa mzima huwa mgumu sana kutulia bokisini. Sheria nayo inawaona viumbe wadogo. Tanzania ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje mwaka 2016, na Mei 2025 mahakama nchini Kenya iliwahukumu vijana wawili wa Ubelgiji faini ya shilingi milioni 1 au kifungo cha miezi 12 kwa kukutwa na sisimizi hai wapatao 5,000 bila kibali. Anayetaka kufuga atafute aliyezaliwa kwa mfugaji na aulize kwanza mamlaka ya wanyamapori kuhusu kibali.

Kuna dalili moja isiyopaswa kusubiriwa: miguu iliyokunjwa chini ya mwili, ncha zikikutana tumboni, tofauti na yule aliyejikunyata magoti juu. Buibui hunyoosha miguu kwa shinikizo la damu yake, na mwili ukikauka shinikizo hilo hushuka. Mlaze taratibu ukingoni mwa bakuli la kina kifupi, mdomo uguse maji na tumbo libaki nje, kwa kuwa matundu yake ya kupumulia yako chini ya tumbo. Mweke gizani na umwangalie tena baada ya saa chache.