Anayetaka Kung'oa Mzizi

Tukisema "watu wa msimamo mkali", Kiswahili chetu hutupeleka moja kwa moja kwenye hasira. Taaluma inayowachunguza huitwa kwa Kiingereza radicalism studies, na neno la Kilatini lililozaa jina hilo, radix, ni mzizi tu. Anayechunguzwa ni yule asiyeridhika na kupogoa matawi. Ndiyo maana waliopinga utumwa na waliodai kura kwa wanawake wamo humu, na waliotega mabomu pia wamo. Kuwachunguza si kuwatetea, ingawa swali hilo huulizwa kila mara.

Kwa nini watu hujiunga na harakati za namna hiyo? Zamani jibu lilikuwa jepesi. Mwaka 1895 Mfaransa Gustave Le Bon alidai kwamba mtu akishaingia katika umati, akili humtoka. Wenye mamlaka walilipenda dai hilo, na si ajabu. Baadaye mwanahistoria George Rudé akazipekua orodha za majina na kumbukumbu za polisi wa Paris. Walioivamia Bastille, ngome iliyokuwa gereza, katika Mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1789 aliwakuta wengi wao ni maseremala, mafundi na wachuuzi, watu wenye kazi na anwani zao.

Basi swali likageuka. Wenye dukuduku ni wengi. Kwa nini wanaoingia ni wachache? Utafiti ninaoupenda zaidi ni wa mwanasosholojia Doug McAdam. Mwaka 1964 wanaharakati wa haki za raia nchini Marekani waliwaita vijana wa vyuo waende Mississippi kuwasaidia watu weusi kujiandikisha kupiga kura. McAdam alizipata fomu za maombi: za waliokwenda, na za waliokubaliwa kisha wakabaki nyumbani. Kwa imani, makundi hayo mawili yalifanana mno. Waliokwenda walikuwa wameshashiriki harakati kabla, walikuwa katika vyama vingi zaidi, na rafiki zao wa karibu nao walikuwa wanakwenda. Bila fomu za waliobaki, tofauti hiyo isingeonekana.

Ugumu ni kupata karatasi. Polisi humwandika aliyekamatwa. Mwenye mbio hayumo. Harakati zenyewe huchapa vipeperushi vya kusomwa leo na kutupwa kesho. Joseph Labadie, mwanaanakia (mpinga utawala wa dola) wa Detroit, Marekani, hakuvitupa vyake. Mwaka 1911 alivikabidhi kwa Chuo Kikuu cha Michigan, na watafiti wanavisoma hadi leo.