Je, wajua ndege inaweza kufundishwa kuhisi maumivu?

Ukijikwaa kidole, unajua papo hapo kwamba umeumia. Ndege haijui. Bodi yake haina mshipa wa fahamu hata mmoja, kwa hiyo ufa ukianza huendelea kukua kimyakimya mpaka siku ya ukaguzi, fundi aumulike kwa tochi au aupate kwa vipimo vyake.

Tarehe 28 Aprili 1988, Boeing 737 ya Aloha Airlines ilikuwa juu ya Hawaii, kwenye mwinuko wa mita 7,300 hivi, kipande cha paa chenye urefu wa zaidi ya mita 5 kilipong'oka. Mhudumu mmoja alivutwa nje akafariki. Wengine 94 walifika chini wakiwa hai. Ndege ile ilikuwa imesharuka mara 89,680, na kila safari bodi hujaa hewa, ikavimba kidogo, kisha ikanywea. Nyufa ndogondogo zilizoanzia kwenye matundu ya ribiti, yaani pini za chuma zinazoshikanisha mabamba ya bodi, zikaja kuungana. Kinachoniuma zaidi ni kwamba abiria mmoja aliuona ufa wakati wa kupanda, asimwambie mtu.

Sasa mtazame mdudu. Gamba lake ni gumu, lakini karibu na viungo vya miguu na kwenye mashina ya mbawa limetobolewa vitundu vidogo mno vya umbo la yai, kila kimoja kikiwa na kifuniko chembamba na neva chini yake. Gamba likipinda, kitundu hubanwa, neva ikashtuka. Mhandisi huogopa tundu kwenye bamba kwa sababu mkazo hukusanyika pembeni mwake. Mdudu hulitumia tundu hilohilo kusikilizia mkazo!

Wahandisi wanaiga wazo hilo kwa njia kadhaa. Kuna nyuzi nyembamba za kioo zinazobandikwa kwenye bawa au kuzikwa ndani yake: uzi ukivutika, rangi ya mwanga unaorudi hubadilika. Kuna vidonge vya fuwele vinavyogundishwa kwenye bamba, kimoja kikituma mtetemo na vingine vikisikiliza, jinsi daktari anavyogonga kifua cha mgonjwa. Ninayoipenda zaidi ni kiraka chenye mifereji myembamba iliyonyonywa hewa. Ufa ukipita chini yake, hewa huingia, na kipimo husema wazi kwamba hapa pamepasuka.

Lakini vihisi maelfu vikipiga kelele kwa pamoja, nani atavisikiliza? Mwili ulishalijibu swali hili. Ukigusa chungu cha moto, mkono hurudi kwa amri ya uti wa mgongo, kabla ubongo haujapata habari. Vivyo hivyo, kompyuta ndogo zinaweza kuwekwa karibu na vihisi, zikachuja palepale na kupeleka mbele lililo zito tu.

Hata kidonda kujifunga kumeigwa. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois walionyesha plastiki yenye vidonge vidogo vya gundi ndani yake. Ufa ukivipasua, gundi humwagika na kuganda.

Kazi ngumu iliyobaki ni kengele za uongo. Baridi na joto pekee hubadilisha jinsi mtetemo unavyosafiri kwenye bamba, na kihisi chenyewe kinaweza kubanduka. Ndiyo maana fundi bado anashika tochi yake.