Je, wajua kwa nini Gast huwa Gäste kwa Kijerumani?

Anayeanza Kijerumani hukutana na kero hii mapema: mgeni mmoja ni Gast, wakiwa wengi ni Gäste, na hiyo ä hutamkwa kama e. Ukilichunguza neno la leo huoni sababu yoyote. Sababu ilikuwepo, ila imefutika.

Katika Kijerumani cha Juu cha Kale, kilichoanza kuandikwa karne ya 8, umoja ulikuwa gast na wingi gesti. Chanzo ni ile i ya mwisho. Ukitamka a, ulimi hulala chini. Ukitamka i, hupanda na kusogea mbele. Wasemaji waliuinua ulimi kabla hawajaifikia i, na a ikawa e. Kiswahili nacho kina mvuto wa namna hii: ma- ikikutana na -ino tunapata meno. Ila kwa Wajerumani i ilivuta kwa mbali, konsonanti zikiwa katikati. Badiliko hilo huitwa umlauti.

Tunajuaje kwamba hapo awali ilikuwa a? Biblia ya Kigothi, lugha ya ukoo huohuo, iliyotafsiriwa na Wulfila karne ya 4, ina gasteis kwa wageni. Hapo a haijaguswa.

Irabu o na u nazo zilivutwa, lakini alfabeti ya Kilatini haikuwa na herufi za sauti hizo mpya, basi waandishi wengi waliendelea na zilezile za zamani. Notker, mtawa wa St. Gallen aliyefariki mwaka 1022, alijitahidi zaidi: nyumba aliandika hûs, wingi wake hiuser. Nukta mbili za leo zilikuja baadaye sana, mabaki ya herufi e ndogo iliyoandikwa juu ya irabu.

Kisha irabu za mwisho wa maneno zikafifia, gesti ikawa geste. Mvutaji akatoweka, alama yake ikabaki na kupewa kazi ya sarufi: Vater ni baba, Väter ni akina baba, na irabu peke yake ndiyo inayoonyesha wingi. Kwangu hapa ndipo penye utamu, maana kazi hiyo ilienea hata kwa maneno yasiyohusika. Mti zamani ulikuwa boum, wingi bouma, bila i yoyote. Leo ni Baum na Bäume, kwa kuiga tu.