Kifo cha kudumu katika mfululizo wa Fire Emblem

Kifo cha kudumu ni kanuni ya mchezo wa video ambayo kwayo mhusika akiuawa vitani harudi tena: ujuzi aliojikusanyia unapotea naye, na vita vinavyofuata vinapiganwa bila yeye. Kanuni hii ndiyo iliyoutambulisha Fire Emblem, mfululizo wa michezo ya mkakati yenye falme, mazimwi na uchawi, ambao Shouzou Kaga aliubuni katika kampuni ya Intelligent Systems na Nintendo ikauzindua nchini Japani mwaka 1990.

Mchezaji huongoza kikosi kwenye ramani iliyogawanywa kwa miraba. Upande wake hucheza zamu, kisha adui naye hucheza yake. Katika sataranji pia askari hutolewa kafara, lakini kete haina jina wala ndugu. Kaga alimpa kila mpiganaji jina, sura na sababu yake ya kuingia vitani, kisha akaziba karibu kila njia ya kumrudisha. Tangu hapo swali la mchezaji halikuwa ushindi peke yake, bali pia ni nani atakayekuwa hai ushindi utakapopatikana.

Uzito wa kanuni hii hutokana hasa na kuunganishwa kwake na bahati. Kila shambulio lina asilimia ya uwezekano wa kumfikia adui, na katika michezo mingi ya mfululizo huu pigo kali, ambalo hutokea mara chache, huzidisha madhara mara tatu. Mpangaji makini anaweza kumpoteza mganga wake kwa uwezekano wa asilimia chache tu alioudharau. Ndiyo maana wachezaji wengi, mtu wao akifa, huzima mchezo na kuianza ramani hiyo upya. Wengine huliona jambo hilo kuwa udanganyifu. Mimi naliona kuwa ushahidi kwamba kanuni imefanya kazi yake, kwani hakuna anayerudia saa nzima ya mchezo kwa ajili ya mtu asiyemjali.

Mwaka 1996 toleo la Genealogy of the Holy War lilipanua athari hiyo hadi kizazi cha pili. Wahusika wa sehemu ya kwanza hupendana na kuzaa, na watoto wao hurithi ujuzi na silaha. Mwanamke anayekufa kabla ya kupata mwenza hazai, na nafasi ya watoto wake hushikwa na watu wengine, kwa kawaida dhaifu zaidi.

Ukali huo ulipendwa na wachache. Mfululizo ulitoka nje ya Japani kwa mara ya kwanza mwaka 2003, na miaka michache baadaye mauzo yalikuwa yameshuka. Toleo la mwaka 2010, lililouzwa Japani tu, lilileta hali nyepesi ya hiari ambamo aliyeanguka hurejea vita vinapokwisha. Hali hiyo iliendelea katika Awakening ya mwaka 2012, mchezo ambao watengenezaji walikuwa wameambiwa kwamba usipouza nakala 250,000 mfululizo ungesimamishwa. Mauzo yalivuka kiwango hicho kwa mbali. Fates, mwaka 2015, ilikwenda mbali zaidi kwa kuongeza hali inayomrudisha aliyeanguka katika zamu inayofuata, na hapo, kwa maoni yangu, kanuni ilipoteza maana kabisa, kwa sababu kosa lisilogharimu chochote halimfundishi mchezaji kufikiri.

Three Houses ya mwaka 2019 ilipata njia bora zaidi. Mchezaji anaweza kurudisha wakati nyuma mara chache katika kila pambano, hivyo bahati mbaya inarekebishika ilhali uzembe unaendelea kuadhibiwa. Zaidi ya hayo, mwanzoni huchagua nyumba moja ya wanafunzi kati ya tatu ili aifundishe. Baadaye vita huzuka, na miaka mitano ikiisha kupita baadhi ya vijana wa nyumba nyingine aliokula nao na kusoma nao chuoni husimama upande wa adui, ambako wakiuawa hakuna hali nyepesi inayowarudisha.