Lori liko Malaba, ofisi iko Mombasa: maswali kuhusu afya ya dereva wakati wa mlipuko

Mwaka 2020, Korona ilipoingia, malori yalipanga foleni ya kilomita nyingi kuelekea Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda. Madereva walilala kwenye kebini siku kadhaa wakisubiri majibu ya vipimo. Mlipuko mwingine ukija, mwenye malori ajiandae vipi?

Watu wangu wametawanyika hadi Kampala. Nianzie wapi?

Kwenye simu. Teua mtu wa kuwapigia madereva, ila asiwe yule anayefuatilia mzigo. Dereva akiona namba ya meneja wa safari anajua anaulizwa lori limefika wapi, hawezi kumwambia kwamba hajalala. Apigiwe akiwa ameegesha. Aulizwe: umelala? Umekula nini? Dawa zako zimebaki za siku ngapi?

Dawa zipi?

Za presha, za kisukari, ARV. Hili huwa halitiliwi maanani, nalo ndilo linaloua watu kimyakimya. Safari ya siku tano ikigeuka ya wiki mbili, dawa huisha njiani, na dereva huanza kumeza nusu ili zifike. Asifanye hivyo. Kabla hajaondoka, mpe nafasi apite kliniki yake aombe akiba ya kutosha. Wakati wa Korona wengi wanaotumia ARV na wanaoendelea vizuri walipewa za miezi mitatu. Usimuulize ni za ugonjwa gani. Anayetumia insulini asiiache kwenye dashibodi, jua litaiharibu.

Akishikwa na homa njiani?

Aegeshe, avae barakoa, na utingo asilale naye kebini moja. Akipumua kwa shida, akibanwa na kifua au akianza kuchanganyikiwa, apelekwe hospitali mara moja. Nawe mlipe siku zake za karantini. Dereva anayejua kwamba akijitenga watoto hawatakula ataificha homa hadi Kampala. Kwa Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri alinde usalama, afya na ustawi wa wafanyakazi wake wakiwa kazini, na barabarani ndiko kazini kwao.

Na msongo wa mawazo?

Madereva walinyooshewa vidole kwamba ndio wanaosambaza ugonjwa. Hilo linaumiza kuliko foleni yenyewe. Ukisikia dereva mcheshi amenyamaza, au pombe imezidi alivyozoea, usimkemee. Msikilize, kisha mpe namba 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Ni ya bure, na atapata mshauri wa kuongea naye.

Utingo naye?

Mara nyingi hana mkataba wala bima, na ofisini hata namba yake haipo. Analala palepale, anavuta hewa ileile. Mwandike kwenye orodha moja na dereva, na apigiwe yeye mwenyewe, asiulizwe hali kupitia kwa bosi wake wa kebini.