Je, wajua kwa nini mguu wa bandia hauuzwi kwa namba kama kiatu?

Mwenye mguu wa namba 42 huingia dukani Kariakoo, akajaribu jozi mbili tatu, akalipa na kuondoka na kiatu chake. Mguu wa bandia haununuliwi hivyo, iwe Moshi au Berlin, na sababu yake si uhaba wa viwanda. Viwanda vipo, na wayo wa bandia, ule wa mpira wenye kisigino laini, hutoka huko ukiwa na namba yake na ukiwa umeandikwa kama ni wa kulia au wa kushoto. Sehemu isiyoweza kupewa namba ni ile ya juu, kikombe ambacho kigutu cha mguu uliokatwa huingia ndani yake, na ambacho wataalamu hukiita soketi. Kikombe hicho ndicho kinachoifanya kazi ya kutengeneza viungo bandia iwe taaluma ya kusomewa kwa miaka kadhaa.

Tuanze na ngozi. Ngozi ya kisigino ni nene, chini yake kuna mafuta yaliyogawanyika katika vifuko vidogo vidogo, nayo imeumbwa kubeba uzito. Ngozi iliyofunika muundi haina sifa hizo: msomaji akiupapasa muundi wake sasa hivi ataugusa mfupa moja kwa moja, kwa kuwa hakuna nyama ya kuulinda. Mguu ukikatwa katikati ya muundi, mfupa unaobaki huwa na ncha nyembamba isiyoweza kukanyagiwa, na mtu wa kilo 70 akiuelekeza uzito wake wote kwenye ncha hiyo atapata maumivu makali kwanza na kidonda baadaye. (Upo mkato unaoacha mahali pazuri pa kubebea uzito, ule unaopita kwenye kifundo cha mguu na kuibakiza ngozi ya kisigino, ambao daktari James Syme wa Edinburgh aliueleza mwaka 1843; lakini si kila jeraha huruhusu mkato huo.)

Suluhisho lililoenea duniani lilifanyiwa kazi mwishoni mwa miaka ya 1950 katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, nalo ni kuugawa uzito kwenye sehemu zinazoweza kuustahimili na kuziepusha zile zisizoweza. Ukano ulio chini ya pia ya goti hustahimili. Ubavu wa ndani wa mfupa wa muundi, pale unapopanuka kukaribia goti, hustahimili pia, na nyama za shavu la mguu nazo husaidia. Ukingo wa mbele wa muundi haustahimili, wala ncha ya mfupa uliokatwa, wala kile kinundu cha mfupa mwembamba kilicho upande wa nje chini ya goti, ambacho mshipa wa fahamu hupita karibu nacho. Ukibanwa hapo, mtu huanza kusikia ganzi na hatimaye kuungua kwa maumivu. Sehemu hizo zote zimo ndani ya eneo dogo, na hakuna watu wawili ambao zimepangika kwao kwa namna moja, kwa sababu daktari aliyekata, kovu lililobaki, umri na unene wa mtu huacha kigutu chenye umbo lake pekee.

Ndiyo maana kazi huanza kwa mikono. Mtaalamu hukivika kigutu soksi nyembamba, hupapasa mfupa kwa mfupa, kisha huchora juu ya soksi hiyo kwa penseli ambayo rangi yake huhamia kwenye plasta. Halafu huzungusha bandeji ya plasta iliyolowekwa maji na, kabla haijakauka, hubonyeza kwa vidole gumba viwili pande zote za ule ukano wa goti na kutulia hivyo mpaka plasta ishike. Ganda likivuliwa hujazwa uji wa plasta, na likishapasuliwa hutoka sanamu ya kigutu ikiwa na alama zote.

Hapa pana jambo ambalo naona ndilo linalostaajabisha kuliko yote: sanamu hiyo, hata ikiwa imefanana na kigutu kwa kila hali, haifai kutengenezea soketi. Ikitumiwa jinsi ilivyo, mfupa utabanwa sawa na nyama, na mvaaji hataweza kutembea hata kufika mlangoni. Kwa hiyo mtaalamu huchukua tupa na kuipunguza sanamu palipo na sehemu zinazostahimili, ili soketi ije ikaze hapo, kisha huongeza plasta juu ya kila kinundu na ukingo wa mfupa, ili soketi ije iache nafasi hapo. Akizidisha milimita chache mahali pasipofaa, mgonjwa atarudi na kidonda. Baada ya kuilainisha kwa msasa, huifunika kwa bamba la plastiki ya polipropilini lililolainishwa katika tanuri, na pampu hunyonya hewa ili plastiki ishike kila bonde na kila mwinuko. Siku hizi zipo karakana zinazopima kigutu kwa mwanga na kuichonga sanamu kwenye kompyuta, jambo linaloharakisha kazi sana, lakini uamuzi wa wapi pakazwe na wapi palegezwe bado ni wa binadamu aliyekigusa kigutu chenyewe.

Soketi ikipatikana, hufuata kuiunganisha na wayo, na mahali wayo unapokaa chini ya soketi hubadilisha mwendo mzima. Ukiwekwa mbele mno, goti husukumwa nyuma na mtu huhisi kana kwamba anapanda mlima kila hatua; ukiwekwa nyuma mno, goti hukunjika ghafla na anaweza kuanguka. Ndiyo sababu mtaalamu humtazama mtu akitembea kati ya vyuma viwili vya kushikilia, hulegeza skrubu, husogeza kidogo, kisha humwomba atembee tena.

Kwetu kuna swali la ziada ambalo mtaalamu makini haliachi, yaani viatu. Mguu hupangwa kufuata urefu wa kisigino cha kiatu alichovaa mtu siku ya kupimwa. Akikivua mlangoni kwa mwenyeji wake au kwenye baraza ya msikiti, wayo wa bandia huinamia nyuma, goti husukumwa na mwili hupoteza mizani. Kwa mkulima anayepanda mpunga, kwa mtu anayechuchumaa kuwasha moto au anayesujudu mara tano kwa siku, mguu uliobuniwa kwa ajili ya mtu wa kiti na lami hautoshi. Waliolitambua hilo mapema ni fundi Ram Chandra Sharma na daktari P. K. Sethi wa mji wa Jaipur nchini India, ambao mwishoni mwa miaka ya 1960 walibuni wayo wa mpira unaovalika bila kiatu na unaokunjika vya kutosha kwa kuchuchumaa.

Anayetaka kuifanya kazi hii anahitaji, basi, kuwa mtu wa hospitali na mtu wa karakana kwa wakati mmoja. Nchini Tanzania husomea TATCOT, chuo kilichopo katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, kilichoanzishwa mwaka 1981 kwa ushirikiano na Ujerumani, na ambacho kimepokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Nchini Kenya, mafunzo hutolewa na KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba. Masomo ya fizikia na baiolojia ya sekondari ndiyo msingi, kisha huja muundo wa mwili, nguvu zinavyofanya kazi kwenye viungo, na saa nyingi za kusimama mbele ya tupa na tanuri. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2017, lilipendekeza wataalamu 5 hadi 10 kwa kila watu milioni moja. Kwa Tanzania, ambayo sensa ya mwaka 2022 iliihesabu kuwa na watu zaidi ya milioni 61, hiyo ni zaidi ya wataalamu 300 kwa uchache. Kijana mwenye mikono mizuri na subira asidhani kwamba nafasi zimejaa.

Mtaalamu huyohuyo hutengeneza pia vifaa vya kunyoosha na kushikilia viungo ambavyo bado vipo. Mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda kuelekea ndani hunyooshwa kwa plasta zinazobadilishwa kila wiki, kwa njia ya daktari Ignacio Ponseti, kisha huvaa viatu vilivyounganishwa kwa fito kwa saa 23 kwa siku katika miezi 3 ya mwanzo, na baada ya hapo usiku tu hadi afikie miaka 4 au 5. Wazazi wengi huona nyayo zimeshanyooka na kuviweka viatu hivyo kando, ndipo mguu hurudi kupinda. Kumweleza mama jambo hilo kwa upole, na kuhakikisha kiatu hakimchubui mtoto, ni sehemu ya kazi sawasawa na kuchonga plasta.

Kisha kuna muda, ambao huharibu kila kipimo. Kigutu kipya hupungua uvimbe na nyama katika miezi ya mwanzo, soketi iliyokuwa ikikaa vizuri ikaanza kucheza, na mvaaji huongeza soksi moja juu ya nyingine mpaka itakapobidi kuchukua plasta upya. Mtoto hukua, hivyo mara nyingi huhitaji mguu mwingine kabla mwaka haujaisha, na mtu mzima naye hurudi karakana baada ya miaka michache. Katika jumba la makumbusho la Cairo kimehifadhiwa kidole gumba cha mguu, cha mti na ngozi, kilichovaliwa na mwanamke wa Misri karibu miaka 3000 iliyopita. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Basel, waliokichunguza upya na kutoa matokeo yao mwaka 2017, waliona kwamba kilikuwa kimerekebishwa mara kadhaa ili kiufuate mguu wa mwenyewe.